Vitenzi Chini ya Skrini

Theluthi ya chini ya skrini ya The Secret of Monkey Island, gemu iliyotolewa na Lucasfilm Games mwaka 1990, haina picha. Juu kuna bandari usiku, baa yenye taa, na kijana aitwaye Guybrush Threepwood ambaye hamu yake yote ni kuwa haramia. Chini kuna maneno tu: fungua, funga, sukuma, vuta, nenda, okota, ongea, toa, tumia, tazama, washa, zima. Vitenzi 12 vimejipanga safu kwa safu, na kando yake yameorodheshwa majina ya vitu alivyobeba kijana huyo. Baina ya picha na maneno upo mstari mmoja mtupu. Ukibofya kitenzi, kinapanda kwenye mstari huo. Ukibofya kitu pichani, jina lake linafuata. Ukianza na "tumia", baadhi ya vitu huufanya mstari ujiongezee "pamoja na" na kubaki wazi, ukingoja nomino ya pili. Sentensi ikitimia, Guybrush anaitekeleza, au anakueleza kwa nini haitekelezeki.

Wapenzi wa gemu hizi wakizikumbuka hutaja picha za vitone vikubwa, muziki mwembamba wa kompyuta za enzi hizo, na vichekesho. Yote hayo yapo. Ila nikizisoma kama mhakiki naona kwamba kinachotamaniwa kiko kwenye ule mstari mtupu: nafasi ya kutunga sentensi mbele ya kazi ya sanaa na kujibiwa. Nalisema hili nikiwa mtu ambaye hakukua nazo. Nilizifikia ukubwani, kupitia ScummVM, programu huria inayoziendesha gemu za aina hii kwenye kompyuta za leo na hata kwenye simu. Sina utoto niliouacha humo. Zikinishika, basi zinanishika kwa fani yake, na fani inaweza kuchambuliwa.

Sentensi ilianza kabla ya picha. Mwaka 1976 Will Crowther, mwandishi wa programu na mpenda mapango aliyeshiriki kupima mapango ya Mammoth kule Kentucky, Marekani, aliandika kwa lugha ya FORTRAN mchezo wa maneno matupu uliofuata ramani ya pango alilolijua kwa miguu yake. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na alitaka binti zake wapate kitu cha kucheza. Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua mwaka 1977. Mchezo huo, Adventure, ulielewa maneno mawili kwa wakati: kitenzi na nomino. Mwaka huohuo Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling wa MIT walianza kuandika Zork, iliyokubali sentensi ndefu zaidi, zenye vihusishi na viwakilishi. Baadhi yao na wenzao wakaunda kampuni ya Infocom mwaka 1979, na sehemu ya kwanza ya Zork ikaanza kuuzwa kwa kompyuta za nyumbani mwaka 1980. Faili lake halifiki kilobaiti 100. Picha moja ya simu ya leo inalizidi mara nyingi.

Tuitazame Zork inavyoanza. Upo mahali pa wazi, magharibi mwa nyumba nyeupe. Mlango wa mbele umepigiliwa mbao. Kuna sanduku dogo la barua. Basi. Hakuna aliyekwambia wewe ni nani, umetoka wapi wala unatafuta nini. Lakini vitu viwili hivyo havikuwekwa ovyo. Mlango ukijaribu kuufungua unakukatalia, na sanduku ukilifungua linakubali, ndani yake mna kipeperushi. Katika dakika ya kwanza msomaji ameshapata aina zote mbili za jibu ambazo kazi nzima imejengwa juu yake, hapana na ndiyo, na amezipata kwa vitu ambavyo mtu yeyote angevijaribu bila kufundishwa.

Kisha tuangalie nafsi. Unaandika amri: fungua sanduku. Unamwamuru nani? Jibu linakuja katika nafsi ya pili: unaona hiki, umebeba kile. Ila ukitumia neno lisilojulikana anajitokeza "mimi" fulani, akikiri kwamba neno hilo halijui. Kwa hiyo wapo watatu: msomaji anayeamuru, sauti inayojibu na inayojitaja pale tu inaposhindwa, na "wewe" anayetembea gizani, ambaye ni mwili wa msomaji na papo hapo ni mtumishi wake. Riwaya ina mwandishi, msimulizi, na msomaji aliyenyamaza. Katika Zork msomaji anaandika nusu ya matini, yote kwa hali ya kuamuru, na ukiichapisha kwenye karatasi inasomeka kama tamthilia ya watu wawili. Mgawanyo huo wa sauti sijaukuta katika utanzu mwingine.

Nusu ya pili ya matini hiyo, yaani majibu, ndiyo kazi kubwa ya mwandishi. Sentensi zinazomfikisha mtu mwisho wa Zork zinahesabika. Zile zisizofika popote hazina idadi, na ubora wa gemu hupimwa kwa namna ilivyozitarajia. Aliyecheza Adventure atajaribu neno la kichawi la kule, xyzzy. Zork inalo jibu lake: sauti yenye mwangwi inamwita mpumbavu. Jibu hilo halimsogezi hata hatua. Linamjulisha kwamba mwandishi aliwahi kukaa akamfikiria mtu wa namna yake, akajua ametoka wapi na atajaribu nini. Kwenye chumba cha jitu lenye jicho moja kuna njia mbili. Anayefikiri kwa vitu atalipa jitu chakula na maji. Anayefikiri kwa fasihi atamkumbuka Homer, ataandika jina la Odysseus, na jitu litatimua mbio likibomoa ukuta. Jina lile linatoboa njia mpya hadi sebuleni mwa nyumba nyeupe. Njia ya kwanza inamtuza mchezaji aliyekusanya vizuri, na ya pili inamtuza aliyesoma kabla ya kuja. Naipenda ya pili, kwa sababu inakiri kwamba anayecheza ana maisha mengine nje ya skrini, na kwamba maisha hayo yanaruhusiwa kuingia.

Nick Montfort, katika kitabu chake Twisty Little Passages cha mwaka 2003, alizihusisha gemu za maandishi na utanzu wa kitendawili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana. Tunajua mtegaji asemavyo "kitendawili", hadhira ikamjibu "tega", na ikishindwa yeye hudai mji. Anapewa Mombasa au Kigoma, anasimulia alivyofika huko na alivyopokewa, ndipo anatoa jibu. Mji huo una kazi ya kifani: unakufanya kushindwa kuwe sehemu ya mchezo, kwenye maneno yake na raha yake. Gemu za maandishi zilizaliwa bila mji. Aliyekwama alikwama peke yake, mbele ya mashine inayorudia jibu lilelile. Infocom ilipoliona pengo ilianza kuuza vijitabu vilivyoitwa InvisiClues, vilivyochapwa kwa wino usioonekana na kuuzwa pamoja na kalamu ya kuufichua. Chini ya kila swali palikuwa na majibu kadhaa yaliyofichwa, la kwanza likidokeza tu, la mwisho likisema wazi, na msomaji alifichua moja moja hadi pale alipoona panamtosha. Humo yaliwekwa pia maswali ya uongo, kuhusu mambo yasiyokuwepo kwenye gemu, ili aliyepitisha macho asijue kilicho mbele. Hata kushindwa kulitungiwa mpangilio wenye hatua.

Jambo jingine ni muda. Taa ya Zork inaisha kwa kuhesabu hatua, na zimwi la gizani, grue, linamla aliyetangatanga bila mwanga. Lakini saa ya dunia ile inasogea sentensi inapoandikwa tu. Ukiinuka ukaenda kupika ugali, ukala, ukarudi, zimwi liko palepale. Kwa mtu anayefikiri polepole fani hii ina adabu ambayo gemu nyingi za leo, zenye saa na mbio, hazina.

Turudi kwa Guybrush. Wabunifu watatu wa Monkey Island, Ron Gilbert, Tim Schafer na Dave Grossman, walijua wazi kwamba wamerithi sentensi, na katika matukio matatu wanaichezea hadharani.

La kwanza ni katika jumba la gavana, ambako Guybrush ametumwa kuiba sanamu. Anaingia kwenye tundu ukutani na kutoweka machoni. Kinachobaki ni chumba kitupu, kelele za vurugu kutoka upande wa pili, na ule mstari wa sentensi, ambao sasa unajiandika wenyewe. Kifaa kidogo cha kung'olea pini za stepla kinatumiwa dhidi ya yaki mkubwa wa kutisha. Vitu ambavyo hatukuwahi kuviona vinaokotwa, vinasukumwa, vinavutwa, sentensi baada ya sentensi, haraka kuliko mtu anavyoweza kubofya. Kwa muda huo Monkey Island imekuwa tena gemu ya maandishi: picha imekwisha kusema na maneno yanabeba kitendo chote. Na mchezaji, aliyenyang'anywa kalamu, anatambua kwamba muda wote uliopita ilikuwa mkononi mwake. Sijui kama kuna tukio jingine katika gemu za miaka ile linaloianika fani yake waziwazi namna hii bila kuacha kusimulia.

La pili ni chini ya maji. Guybrush amefungwa kamba kwenye ile sanamu nzito na kutoswa baharini kando ya gati. Amejigamba kwamba anaweza kuzuia pumzi dakika 10. Pembeni yake, sakafuni mwa bahari, vimezagaa visu na vyombo vingine vikali, vyote mbali kidogo kuliko kamba inavyoruhusu. Kila mchezaji anaanza na "tumia": tumia hiki pamoja na kamba. Picha imepangwa ili kuichochea sentensi hiyo isiyowezekana. Jawabu ni "okota sanamu". Guybrush anaibeba na kutembea nayo kupanda juu. Fumbo linakaa kwenye kitenzi chepesi kuliko vyote, ambacho mchezaji alikwisha kukisahau kwa kuwa amekitumia tangu mwanzo kwa vitu vidogo vidogo. Na ukikaa kimya dakika 10 kamili, ahadi inatimizwa: Guybrush anakufa, katika gemu ambayo kwingine kote imekataa kumuua. Hapo vile vitenzi 12 vinaondoka, na mahali pake vinakuja vitenzi vya maiti: kuelea, kuvimba, kuoza. Sarufi yenyewe imefiwa. Alichoweza kufanya mtu kilikuwa kimeandikwa chini ya skrini tangu mwanzo, kwa hiyo kifo chake kinaandikwa palepale.

La tatu ni mapigano ya upanga, ambayo yanaamuliwa kwa ulimi. Mchezaji anazurura kisiwani akipambana na maharamia wa njiani, akijifunza vijembe na majibu yake kwa kupigwa navyo. Akiwa tayari anakwenda kwa Carla, bingwa wa upanga, na kukuta kwamba Carla hatumii kijembe hata kimoja kati ya vile alivyovisoma. Haramia wa njiani alimtukana kwa kumfananisha na mfuga ng'ombe wa maziwa, na jibu lilikuwa kumwita haramia huyo ng'ombe. Carla hamtaji mfugaji yeyote. Anatishia kumkamua damu mwilini. Mchezaji anapitia majibu aliyonayo hadi anapogundua kwamba ng'ombe anafaa hapa pia, na pengine anafaa zaidi. Swali limebadilishwa, jibu limebaki. Aliyekariri anaanguka, aliyeelewa anashinda, na pambano lililoanza kama zoezi la kumbukumbu linaishia kuwa mtihani wa kusoma.

Ukizipanga gemu hizi kwa miaka utaona vitenzi vikipungua. Maniac Mansion ya 1987, iliyoanzisha mfumo huu, ilikuwa na maagizo 15. Monkey Island ilianza na 12, na toleo lake la CD likabakiza 9. Sam & Max Hit the Road ya 1993 iliyafuta maneno na kuweka alama za picha; Full Throttle ya 1995 ikabaki na mkono, jicho, mdomo na mguu. Nje ya kampuni iliyotoa Monkey Island, Myst ya ndugu Robyn na Rand Miller, mwaka 1993, haikuwa na kitenzi chochote. Unabofya, kitu kinatokea au hakitokei. Myst ni nzuri kutazama na kisiwa chake kina upweke wa kweli, lakini haikujibu. Bofya ukuta, na ukuta hausemi kitu. Mchezaji aliyekosea katika Zork au Monkey Island alipata sentensi ya kumrudishia yake. Katika Myst hapati kitu, na naamini hapo ndipo utanzu ulipopoteza zaidi kuliko pale picha zilipopendeza.

Mapenzi ya zamani yasifunike mabaya, nayo yalikuwapo. Katika King's Quest V ya Sierra, ya mwaka 1990, mtu mwenye njaa milimani anaweza kula pai aliyobeba. Gemu inakubali. Baadaye anakutana na yeti ambaye dawa yake pekee ni kumrushia ile pai, na haipo tena. Ukiisoma kama fani, kosa ni kubwa kuliko ukatili: sentensi ilijibiwa ndiyo ilhali jibu lake la kweli lilikuwa hapana, lililofichwa mbele kwa muda mrefu. Mazungumzo hayawezi kuendelea na mtu anayejibu hivyo. Gilbert alikuwa amekwisha kuandika makala kali dhidi ya mtindo huo mwaka 1989. Miaka 10 baadaye bado Gabriel Knight 3 ilimtaka mchezaji amtengenezee shujaa masharubu kwa manyoya ya paka, ili afanane na mtu asiyekuwa na masharubu, ambaye kwanza ilibidi pasipoti yake ichorwe masharubu kwa kalamu. Kila hatua ina kitenzi na nomino, na hakuna sababu inayoziunganisha isipokuwa matakwa ya mbunifu. Waliosema utanzu umejiua walikuwa na ushahidi.

Kurudi kwake kunafundisha pia. Mwaka 2012 kampuni ya Tim Schafer, Double Fine, iliwaomba mashabiki dola 400,000 kwa ajili ya gemu ya mtindo wa zamani. Watu zaidi ya 87,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 3.3. Gemu iliyotoka, Broken Age, imechorwa vizuri sana, na haina orodha ya vitenzi. Mchango wote ule ulitokana na hamu ya utanzu wa zamani, na sentensi haikurudi. Toleo jipya la Monkey Island la mwaka 2009 lina kitufe kinachokurusha papo hapo baina ya picha za sasa na zile za 1990. Watu hukibonyeza kulinganisha sura ya Guybrush. Mimi naangalia chini: katika sura mpya vitenzi vimefichwa hadi uviite, picha imejaza skrini yote, na macho hayana tena pa kutulia kabla ya kutenda. Thimbleweed Park ya mwaka 2017, ya Gilbert na Gary Winnick, ilivirudisha vitenzi 9 mahali pake, na uzuri wake ni kwamba iliviandikia majibu mapya. Return to Monkey Island ya mwaka 2022 ilichukua njia nyingine: ukisogeza kishale juu ya kitu, yanatokea maneno ya Guybrush mwenyewe, wazo lake kuhusu anachotaka kukifanyia. Maneno hayo yametungwa kwa ustadi na yanamfanya mhusika awe wa karibu. Hata hivyo, sentensi tuliyoiandika herufi kwa herufi mwaka 1980, tukaikusanya kwa vipande mwaka 1990, sasa tunaipokea ikiwa tayari na kuidhinisha tu.

Gemu za maandishi zenyewe hazijafa. Mfumo wa Inform wa Graham Nelson, ulioanza mwaka 1993, bado unatumiwa na waandishi, na shindano lao la kila mwaka, IFComp, linaendelea tangu 1995. Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza fani hii ingekuwaje ikijengwa kwa Kiswahili tangu msingi. Simama tena mbele ya ile nyumba nyeupe. Lifungue. Kichukue. Kisome. Amri tatu, kila moja neno moja, na hakuna nomino iliyotajwa, lakini kichanganuzi, yaani sehemu ya gemu inayosoma amri, kinajua kwamba kilichofunguliwa ni sanduku na kilichosomwa ni kipeperushi, kwa sababu ngeli imekwisha kusema. Ufungue, nacho kinajua unautaka mlango, na kinakukatalia. Kazi mpya inaanza pale penye dirisha na sanduku pamoja: "lifungue" lina utata, na mwandishi atalazimika kuandaa jibu la kuuliza, lipi? Itambidi pia aamue kuhusu mchezaji wa Nairobi au Lubumbashi atakayeandika "ifungue" kwa sanduku. Mimi ningemkubalia bila kumsahihisha, kisha ningempa kile kipeperushi, kwa maana sentensi yake ilikuwa miongoni mwa zile nilizopaswa kuzitarajia.